Gazeti la Kwetu Nalo Lipimwe

Ndugu msomaji, mtaje Tundu Lissu huko Singida alikozaliwa: mmoja atamwita shujaa, mwingine mchochezi, na kila mmoja atakunjua gazeti lake liwe shahidi. Ukimwambia lina upende wake, hakusadiki.

Kosa letu wengi ni kumwonyesha makosa ya gazeti lake tu, huku la kwetu tumelificha kwapani. Nani atatusadiki? Tuanze na la kwetu. Mpenzi wa CCM na akiri kwamba Uhuru ni mali ya chama, na kwamba Agosti 2021 lilifungiwa siku 14 kwa kuandika kuwa Rais Samia hana wazo la kuwania urais 2025, habari iliyokanwa na Serikali na chama chenyewe. Mpenzi wa CHADEMA naye akiri kwamba Tanzania Daima, lililofutiwa leseni Juni 2020 na kuruhusiwa tena Februari 2022, lilikuwa na mkono wa Freeman Mbowe, mwenyekiti wake wa siku hizo.

Surat Al-Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuchunguza habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Amri hiyo haikubagua chama. Ewe msomaji, mizani yako ianze nyumbani kwako.