Kati na Pembeni

Tunaomiksi muziki tumezoea kuuona wimbo wa stirio kama kushoto na kulia. Kuna namna nyingine ya kuugawa, nami naipenda kuliko ufundi wowote wa studio. Jumlisha chaneli zote mbili: kinachofanana pande zote, yaani mwimbaji, besi na ngoma kubwa, kinapata nguvu. Hiyo ndiyo kati. Sasa toa ya kulia katika ya kushoto. Mwimbaji anatoweka, na kinabaki kile tu kinachozitofautisha pande hizo: mwangwi wa ukumbi, magitaa yaliyotandazwa, waitikiaji. Hiyo ndiyo pembeni. Jumlisha kati na pembeni, gawa kwa mbili, kushoto kunarudi. Toa pembeni katika kati, gawa vilevile, kulia nako kunarudi. Hakuna kilichopotea njiani.

Alan Blumlein, mhandisi wa EMI nchini Uingereza, aliiweka hesabu hii katika hataza aliyoiomba Desemba 1931, wakati santuri za nyumbani zilikuwa za mono. Alifariki mwaka 1942, akiwa na miaka 38, katika ajali ya ndege iliyokuwa ikijaribu rada. Hakuishi kuziona santuri za stirio zikienea, ambazo ndani yake kati huisukuma sindano huku na huku, na pembeni huipandisha na kuishusha. Besi nzito ikikaa pembeni, sindano huruka. Ndiyo maana mafundi wa kukata santuri waliirudisha besi kati, na mimi hadi leo hukata pembeni kila kilicho chini ya hezi 120 hivi, ingawa hakuna sindano ya kuogopwa. Besi inasimama imara zaidi.

Utamu wake hasa huonekana ukiletewa wimbo uliokwisha kumiksiwa, chaneli mbili tu, na mwimbaji amefunikwa. Napandisha kilohezi 3 katika kati pekee, desibeli moja na nusu, na maneno yanasikika bila magitaa ya kando kuwa makali. Kisha naongeza hewa kidogo pembeni, juu ya kilohezi 10, na ukumbi unafunguka. Uzuri ulioje, kuligusa neno la mwimbaji bila kukigusa chumba alimosimama!

Lakini msikilizaji mwenye spika moja, wa simu au wa redio ndogo jikoni, hupata jumla tu. Chochote nilichofanya pembeni hakimfikii hata chembe. Gitaa lililogeuzwa mawimbi yake upande mmoja ili lionekane pana, kwake halipo kabisa. Huyo ni msikilizaji kamili, na anastahili wimbo kamili. Kwa hiyo naanza na kati, nikisikiliza kwa spika moja, hadi besi, ngoma na maneno viweze kuubeba wimbo vyenyewe. Pembeni naigusa mwisho.