Kikapu cha Saida

Msimulie mtu wa barazani kisa cha Gravel Heart, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 2017, naye atakukatiza mapema: mke katoka nje ya ndoa, mume kahama, mtoto kabaki katikati. Kesi imekwisha. Unguja tunazijua kesi hizi, na hukumu yake hutoka kabla kikombe cha kahawa hakijapoa.

Gurnah hana haraka hiyo. Salim ana miaka saba baba yake, Masud, anapohamia chumba cha nyuma ya duka. Hakuna anayemweleza kwa nini. Anachokiona ni kikapu: mama yake, Saida, anaendelea kumpikia mume aliyemhama, miaka nenda miaka rudi, na Salim ndiye anayetumwa kupeleka. Kwangu mimi, riwaya nzima imo kikapuni humo. Hakuna anayeapa, hakuna anayerusha sahani. Kuna chakula kinachopoa njiani mikononi mwa mtoto. Sote tumesoma na mtoto wa namna hii, yule wa "kamwambie baba yako" na "kamwambie mama yako", mpaka akajifunza kutouliza.

Sababu tunaipata mwishoni. Amir, ndugu wa Saida, amekamatwa. Mkubwa mmoja, Hakim, anaweza kumtoa, na bei yake ni Saida mwenyewe. Saida anakubali. Jina la kitabu limetoka katika Measure for Measure ya Shakespeare, ambamo Isabella anadaiwa bei hiyohiyo kumwokoa kaka yake. Isabella anakataa, na mtawala aliyejibadilisha kwa mavazi ya dini anayanyoosha mambo. Zanzibar ya baada ya Mapinduzi ya 1964, Saida angemkimbilia nani? Wadai ndio waliokuwa wakubwa. Ndiyo maana neno "usaliti" linanikwama kooni. Amir, aliyekombolewa, anaishia London na cheo chake.

Lakini nina ugomvi na Gurnah. Saida anafariki Salim akiwa Uingereza, na siri inatolewa na Masud, aliyerudi kutoka Kuala Lumpur, katika mazungumzo marefu ya usiku na mwanawe. Huzuni yake naiamini. Hata hivyo, aliyehama ndiye aliyepewa nafasi ya kujieleza, na aliyebaki akilea hakupewa. Tena Saida aliendelea na Hakim, akamzalia Munira. Ulikuwa woga? Mazoea? Ilikuwepo hata siku moja aliyomtaka? Riwaya haithubutu kumuuliza. Mhanga ni rahisi kumpenda. Mwanamke aliyechoka na ndoa, mwenye mtoto mdogo, si rahisi hivyo.

Said Ahmed Mohamed alithubutu zaidi mwaka 1980. Katika Utengano, Kazija, hawara wa Maksuudi, ana mdomo wake, hasira yake na mtego wake mwenyewe. Ningetoa sura mbili za maisha ya Salim huko London, na zina urefu wake, nipate kumsikia Saida akiongea hivyo kwa usiku mmoja.