Kuiga si kufufua

Wapo wanaodai kuwa bendi ya The Lemon Twigs inaiga tu. Sikubaliani nao. Kuiga ni kufuata cha mwenzio kilivyo. Kufufua ni kukirejeshea uhai. Ndugu wawili, Brian na Michael D'Addario wa New York, walizaliwa miaka ya 1990. Katika albamu A Dream Is All We Know (2024) magitaa na sauti zinazooana ni za pop ya miaka ya 1960, ila nyimbo wametunga wenyewe. Huko ndiko kufufua.

Sisi je? Mwaka wa 1968 The Tremeloes wa Uingereza walirekodi 'Helule Helule' ya Daudi Kabaka. Basi pop hiyo ina jasho letu pia. Vijana, zilizopendwa msizirudie tu. Hebu tungeni twisti mpya, jamani!