Chupa ya mise, sifa za mawese

Ukipita madukani Kigoma mjini au Ujiji utayakuta mafuta ya mise kwa ajili ya ngozi na nywele. Chupa niliyonunua mimi ina lebo inayosema mafuta hayo ni ya asili, yamejaa vitamini A na E, yanaondoa chunusi na yanakinga jua. Haya, tuisome lebo hiyo pamoja, dai kwa dai.

Tuanze na vitamini. Chikichi moja hutoa mafuta ya aina mbili. Nyama ya nje hutoa mawese. Kiini kilicho ndani ya kokwa ngumu, yaani mise yenyewe, hutoa mafuta mengine kabisa. Wekundu wa mawese ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kilo moja ya mawese ghafi huwa na takriban miligramu 500 hadi 700 za karotini, na vitamini E miligramu 600 hadi 1,000. Sasa inua chupa ya mise uitazame kwenye mwanga: wekundu uko wapi? Haupo, kwa sababu karotini yake ni kidogo mno, na vitamini E pia ni kidogo. Lebo imeazima sifa za ndugu yake. Na hata mawese, ukiyachemsha sana mpaka wekundu upotee, karotini nayo imekwenda.

Chunusi je? Karibu nusu ya asidi za mafuta ya mise ni asidi ya lauriki, na maabara imeonyesha kwamba asidi hiyo, ikiwa huru, inaua bakteria wa chunusi. Shika hilo neno "huru". Ndani ya chupa, karibu yote imefungwa kwenye gliseroli, kwa hiyo jaribio lile haliwezi kuwa ushahidi wa mafuta haya. Wengine wakiyapaka usoni vinyweleo huziba na chunusi huongezeka.

Mise ina kazi yake, tusiionee. Inalainisha ngozi kavu kwa kuzuia maji yasipotee haraka, na ukitengenezea sabuni, ile lauriki ndiyo inayoleta povu jingi. Bibi zetu waliyapaka kwa sababu hiyo, na walikuwa sahihi.

Ila dai la kukinga jua sio la kuchekea. Mtu mwenye ualbino akiliamini, akaacha krimu ya jua, akashinda mwaloni bila kofia, anajiweka kwenye hatari ya saratani ya ngozi. Krimu za kazi hiyo zipo, mfano Kilisun inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mise haishiki nafasi yake, wala mawese.

Kwa hiyo siku nyingine muulize muuzaji: haya ni mise au mawese? Yamechemshwa kiasi gani? Na hilo la jua, nani alilipima? Akishindwa kujibu la tatu, nunua ya kulainisha ngozi tu, na kofia usiiache nyumbani.