Yona Mlevi: Kicheko au Kilio?

Mwalimu mwenzangu, bila shaka umewahi kuyaona haya. Katika darasa moja la Eastlands, Nairobi, tuliigiza sehemu ya Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege. Mvulana aliyekuwa Yona alipepesuka na kuburura maneno. Darasa likaangua kicheko. Msichana mmoja nyuma hakucheka. Aliinamisha kichwa hadi kengele ilipolia.

Mvulana huyo hakukosa kipawa. Alifuata njia tuliyoizoea katika vichekesho vya runinga kama Vitimbi. Benson Wanjau, aliyefariki 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini alipokuwa Mzee Ojwang' alizungumza kwa lafudhi ya Kijaluo hadi watazamaji wengi wakamdhania Mjaluo. Alimjenga mhusika kutoka nje: sauti, lafudhi, mwendo. Huo ni ufundi mkubwa, na kicheko ndicho kilichokusudiwa. Je, Yona naye aliandikwa achekwe?

Stanislavski wa Urusi (1863–1938) alisisitiza kuwa mwigizaji aanzie ndani: mhusika anataka nini, nami ningetenda nini katika hali yake? Brecht wa Ujerumani (1898–1956) hakutaka hadhira izame katika hisia tu. Kwake, mwigizaji humwonyesha mhusika ili tuihukumu jamii iliyomfikisha hapo.

Njia hizi hupingana jukwaani, lakini darasani zigeuze ziwe maswali mawili. Kipindi kilichofuata nilimwuliza mvulana yule, "Yona anataka nini?" Akafikiri, kisha akajibu, "Heshima, mwalimu." Nikauliza tena, "Nani anamnyima?" Darasa likaitaja jamii inayomsimanga kwa kukosa mtoto wa kiume.

Aliporudia onyesho, hakupepesuka. Alijikaza kusimama wima, kama mlevi asiyetaka kujulikana kuwa amelewa. Hakuna aliyecheka. Msichana yule ndiye aliyeuliza swali la kwanza: "Kwa nini Sara alivumilia?"

Nawe mtahiniwa, ukiulizwa sifa za Yona, usiandike "ni mlevi" ukaishia hapo. Eleza anachokitaka, kinachomsukuma kwenye pombe, na maumivu anayoyaleta nyumbani kwake. Kumwelewa mhusika si kumtetea. Sababu za ulevi wake hazifuti machozi ya Sara, na jibu kamili huyabeba yote mawili.