Walinzi wa Chumbe

Maji yakipwa kisiwani Chumbe, kusini mwa mji wa Unguja, walinzi wa hifadhi ya matumbawe huwashusha wanafunzi mwambani. Walinzi wa mwanzo, hifadhi ilipotangazwa 1994, walikuwa wavuvi. Kazi yao yataka macho na subira: mguu ukanyage mchanga, si tumbawe hai, kiti cha pweza kitazamwe kidimbwini, kisitolewe majini, jiwe likiinuliwa lirudishwe vilevile, maana viumbe wa chini yake hufa kwa jua.

Na miongoni mwa wanafunzi wapo watoto wa Unguja, hasa wasichana, wasiojua kuogelea. Hao ndio kazi hasa. Mlinzi humfunga mtoto jaketi la kuokolea, humshika mkono, humngoja hofu impungue, ndipo amwinamishe atazame matumbawe ya nchi yake. Kisha humgeukia anayefuata, na maji yanajaa.