LAFUDHI KIZIMBANI: Wahusika Wasaidizi katika Michezo ya Polisi na Mahakama ya Televisheni ya Kenya

Utangulizi

Riwaya ya upelelezi imekwisha kupata nafasi yake katika uhakiki wa Kiswahili. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyejitokeza katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), na Inspekta Wingo wa Faraji Katalambulla katika Simu ya Kifo (1965), ni majina yanayofahamika kwa wanafunzi wa fasihi. Mchezo wa polisi na mahakama wa televisheni haujapata heshima hiyo. Huhesabiwa kuwa kichekesho cha kupitishia jioni, nao waigizaji wake wa nafasi ndogo hukumbukwa kwa majina yao ya jukwaani tu.

Makala haya yanakusudia kuuangalia mchezo huo kwa upande wa wahusika wasaidizi: mshtakiwa, shahidi, askari wa zamu na mlinzi wa usiku. Hoja yake ni kwamba nguvu za mchezo huo na udhaifu wake vimo mahali pamoja, yaani katika lafudhi.

Lafudhi kama nyenzo ya uhusika

Mfano mkuu ni Vioja Mahakamani, mchezo ulioanza zama za Sauti ya Kenya, kabla ya shirika hilo kuitwa KBC mwaka 1989. Mpangilio wake ni sahili. Juu yuko hakimu, Lucy Wangui. Chini yake alikuwapo kiongozi wa mashtaka, Gibson Mbugua. Na kizimbani husimama watu kama Ondiek Nyuka Kwota na Makokha. Hakimu na kiongozi wa mashtaka husema Kiswahili kinachokaribia usanifu. Mshtakiwa husema Kiswahili cha kwao. Jina la Ondiek Nyuka lenyewe ni kichekesho kwa ajuaye Kijaluo, kwani ondiek ni fisi na nyuka ni uji.

Kwa vigezo vya kawaida, hawa ni wahusika bapa. Hawabadiliki, na mtazamaji huwajua kabla hawajafumbua kinywa. Hata hivyo, haitoshi kuishia hapo. Lafudhi ya jukwaani ni kazi ya mikono ya msanii, si alama ya kuzaliwa. Ushahidi ulio wazi ni Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015. Alikuwa Mkikuyu, lakini Mzee Ojwang wake katika Vitimbi alisema kama Mjaluo. Kuiga kwa kiwango hicho kwahitaji sikio la mwanaisimu: kujua ni sauti ipi idondoke, ipi ibadilishwe, na wapi kiimbo kipande.

Isitoshe, lafudhi yaweza kuwa silaha. Peter Falk, katika mchezo wa Kimarekani wa Columbo, alivaa koti lililochakaa na kujifanya mzubavu ili matajiri wamdharau na kujifichua. Mshtakiwa wa Vioja hufanya mfano wa hayo akiwa upande wa pili wa sheria. Hujitia kutofahamu swali, hulijibu lisiloulizwa, na kiongozi wa mashtaka hujikuta akieleza badala ya kuuliza. Hapo mnyonge hupata nafasi ya kuuhoji utaratibu uliowekwa ili kumhoji yeye.

Kitengela na Kajiado

Thamani ya mbinu hii hupimwa vyema zaidi mbele ya hadhira maalumu. Kitengela, mji ulio kando ya barabara iendayo Namanga, umekua upesi kwa watu waliofuata viwanja na kazi za viwanda vya Athi River. Mkamba, Mkikuyu, Mluhya, Mjaluo na Mmaasai hupangisha katika ploti moja, na Kiswahili ndicho kinachowapatanisha langoni. Kwa mtazamaji wa hapo, lafudhi za Vioja ni sauti za majirani. Yeye humcheka jirani, naye jirani humcheka yeye, deni hulipwa.

Ukisonga mbele hadi Kajiado, makao makuu ya kaunti, hesabu hiyo haitimii. Mmaasai, ambaye ndiye mwenyeji, katika vichekesho vya Kenya huletwa mara nyingi akiwa mlinzi mwenye rungu na shuka, mwenye maneno machache. Hushika lango la mchezo bila kuingia ndani yake.

Jambo zito zaidi ni la kiisimu. Kijaluo hakina sauti sh. Mshtakiwa wa jukwaani akituhumiwa kuiba nyaya za shaba, akatamka saba, ukumbi huangua kicheko. Kimaasai hakina f, v wala z. Katika kesi ya wizi wa mifugo, neno zizi laweza kusikika sisi, na ng'ombe wa zizi fulani wakawa ng'ombe wetu. Jukwaani kosa hilo huzaa kicheko. Mahakamani laweza kuzaa kifungo.

Sheria ya Kenya inaruhusu mahakama za chini kutumia Kiingereza au Kiswahili. Kwa sababu hiyo Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 50, inampa mshtakiwa asiyeifahamu lugha ya kesi haki ya kupewa mkalimani bila malipo. Mkalimani huyo si mmoja wa nguzo za Vioja Mahakamani. Kazi yake imechukuliwa na mwigizaji, ambaye ustadi wake huifanya kila lafudhi ieleweke papo hapo. Hivyo mchezo humzoeza mtazamaji kuamini kwamba kila asimamaye kizimbani hufahamu na hufahamika, na kwamba akikwama, amekwama kwa ujanja au kwa ujinga.

Hitimisho

Haifai kudai kwamba lafudhi iondolewe. Kiswahili sanifu kinywani mwa kila mhusika kingekuwa uongo mkubwa zaidi, na kingewanyang'anya waigizaji hawa nyenzo yao bora. Linalotakiwa ni kuipanua safu ya wahusika wasaidizi. Mmaasai apewe nafasi ya kushuhudia, kushtaki na kuhukumu. Mkalimani naye apandishwe jukwaani, asimame kati ya kizimba na meza ya hakimu, atafsiri, akosee, asahihishwe. Vichekesho havitapungua kwa hilo, ila mtazamaji wa Kajiado ataona kilichokuwa kimefichwa na kicheko: kwamba kusikika si sawa na kueleweka.